KIAPO CHA KAPTENI SHAH NAWAZ KHAN

Somo la historia kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

(Kwa kiongozi wa kikundi: Kabla ya somo, andika ubaoni maneno haya: KIAPO, MATEKA, UHAINI, MSAMAHA. Ukiwa na ramani, waonyeshe wanafunzi Bara Hindi, Burma, Malaya na Singapore.)

  Mwenye kitabu na akifungue, na mwenye kalamu aishike. Somo letu la leo ni la historia, lakini pia ni somo la neno moja. Neno lenyewe ni KIAPO. Tulisome pamoja: KI-A-PO.

Kila mmoja wetu anajua kiapo ni nini. Mtu akiitwa kortini kutoa ushahidi, huapa kwanza. Chifu na waziri huapa kabla ya kushika kazi. Askari naye huapa siku anapoingia jeshini. Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Basi kiapo ni deni kubwa kuliko ahadi nyingine, kwa sababu mtu hukitoa mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Sasa sikilizeni swali la leo. Mtu amemwapia mfalme wa nchi nyingine, anayeitawala nchi yake. Baadaye anaona kwamba utawala huo ndio unaoizuia nchi yake isiwe huru. Afanye nini? Akikishika kiapo, ataipiga vita nchi yake. Akiipigania nchi yake, atavunja kiapo. Tutalijibu swali hili kwa kuangalia maisha ya mtu mmoja, Shah Nawaz Khan wa Bara Hindi.

JESHI LA MFALME

Shah Nawaz Khan alizaliwa mwaka 1914 katika kijiji cha Matore, wilaya ya Rawalpindi, jimbo la Punjab. Wakati ule karibu Bara Hindi lote lilikuwa chini ya Waingereza. Mfalme wa Uingereza aliitwa pia Kaisari wa Bara Hindi, na askari wote wa Kihindi walimwapia yeye.

Ukoo wa Shah Nawaz ulikuwa ukoo wa askari. Baba yake alikuwa askari, na ndugu na binamu zake wengi vilevile. Katika nyumba kama hiyo mtoto hukua akijua jambo moja tu, yaani kumtumikia Mfalme ni heshima. Alisomeshwa katika shule ya kijeshi huko Dehra Dun, akapata cheo cha ofisa, akaingia Rejimenti ya 14 ya Punjab.

Jeshi la Bara Hindi lilikuwa kubwa sana. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha lilikuwa na watu kiasi cha milioni mbili na nusu, nao wote waliingia kwa hiari. Tusiwacheke watu hao. Wengi walikuwa wakulima wenye mashamba madogo. Mshahara wa jeshi ulilipa kodi na kulisha watoto. Hata sisi hapa Afrika Mashariki tunajua habari hizo, maana baba na babu zetu walioingia Keya walifanya vivyo hivyo.

Hata hivyo, ndani ya jeshi hilo mlikuwa na ubaguzi. Ofisa wa Kihindi alipata mshahara mdogo kuliko ofisa wa Kiingereza wa cheo kile kile. Huko Malaya vilabu vingine havikumruhusu ofisa wa Kihindi kuingia, ingawa alikuja kuilinda nchi hiyo na hao waliokaa ndani ya vilabu. Mtu akitakiwa afe kwa ajili ya nyumba, huku anakatazwa kukaa sebuleni, siku moja atajiuliza: nyumba hii ni ya nani?

SINGAPORE YAANGUKA

Mwezi wa Desemba 1941 Wajapani waliishambulia Malaya. Waingereza walirudi nyuma mbio, wakaingia kisiwa cha Singapore. Tarehe 15 Februari 1942 jemadari wa Kiingereza alisalimu amri. Waingereza, Waaustralia na Wahindi zaidi ya 80,000 wakawa mateka. Neno MATEKA maana yake ni watu waliokamatwa vitani.

Siku mbili baadaye mateka wa Kihindi walitengwa na wenzao wa Kizungu. Walikusanywa katika uwanja uitwao Farrer Park. Hapo ofisa mmoja wa Kiingereza aliwakabidhi kwa Wajapani, akawaambia kwamba tangu sasa wawatii Wajapani. Kumbukeni sana jambo hili, maana tutalikuta tena mbele ya mahakama.

Ofisa wa Kijapani naye aliwakabidhi kwa Mhindi mwenzao, Kapteni Mohan Singh. Huyu alianza jeshini mwaka 1927 kama askari wa kawaida, akapanda mpaka akawa ofisa. Alikuwa ametekwa huko Malaya, akakubaliana na Wajapani kuunda jeshi jipya la kulikomboa Bara Hindi. Jeshi hilo liliitwa Jeshi la Taifa la India. Mateka wakaulizwa: nani atajiunga?

Maelfu walikubali, na maelfu walikataa. Wengine walikubali kwa kuipenda nchi yao. Wengine waliogopa njaa na mateso ya kambini. Katika wale waliokataa, wengi walipelekwa mbali kufanya kazi ngumu chini ya Wajapani, na wengi wao walikufa huko. Walikufa wakikishika kiapo chao. Hao nao wana haki ya kukumbukwa.

ALIKATAA, KISHA AKAKUBALI

Shah Nawaz hakukubali siku ile. Mwanzoni alikuwa mmoja wa maofisa waliolipinga jeshi hilo jipya. Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kiapo chake na desturi ya ukoo wake. Ya pili ni kwamba hakuwaamini Wajapani.

Sababu hii ya pili ilikuwa na nguvu. Wajapani walikuwa wamekwisha kuitawala Korea kwa ukali, na walikuwa wakiwaua watu wengi huko China. Je, mtu mwenye chui nyumbani amwite simba aje kumtoa? Simba akishamtoa chui, nani atamtoa simba?

Baadaye Shah Nawaz aliingia katika jeshi hilo. Alieleza mahakamani kwamba mara ya kwanza aliingia ili awalinde watu wake, na ili azuie Wajapani wasiwatumie wanavyotaka. Wala hofu yake haikuwa ya bure. Katika Desemba 1942 Mohan Singh mwenyewe aligombana na Wajapani, kwa kuwa aliona hawalitendei jeshi lake kama jeshi la watu huru. Wakamkamata, na jeshi lile la kwanza likavunjika.

Kisha akaja mtu wa kulifufua. Huyu ni Subhas Chandra Bose, aliyewahi kuwa rais wa chama cha Congress cha Bara Hindi. Bose alitoroka Bara Hindi mwaka 1941, akaenda Ujerumani. Mwaka 1943 alisafiri kwa nyambizi, yaani meli inayokwenda chini ya maji. Alizunguka ncha ya kusini ya Afrika, na karibu na Madagascar akahamia nyambizi ya Kijapani. Alifika Singapore mwezi wa Julai. Tarehe 21 Oktoba 1943 alitangaza Serikali ya muda ya India Huru, na Shah Nawaz akawa mmoja wa wajumbe wake.

Ni Bose aliyembadilisha Shah Nawaz. Kwa maneno yake mwenyewe kortini, Shah Nawaz alieleza kwamba ilimpasa achague kati ya Mfalme na nchi yake, naye akaichagua nchi. Hebu fikirini uzito wa uchaguzi huo. Nyumbani kwao jamaa zake walikuwa bado katika jeshi la Mfalme. Alijua kwamba huenda siku moja akamwelekezea bunduki mtu wa ukoo wake.

Kina mama wanaosoma nasi leo, jueni pia kwamba jeshi hilo lilikuwa na rejimenti ya wanawake. Iliitwa kwa jina la Rani wa Jhansi, malkia aliyepigana na Waingereza katika vita vya 1857 na 1858. Kiongozi wake alikuwa daktari, Lakshmi Swaminathan.

(Tua hapa. Mwalimu awaulize wanafunzi: Kwa nini Shah Nawaz alikataa kwanza? Wajibu kwa maneno yao wenyewe.)

VITA VYA BURMA

Mwaka 1944 Wajapani waliingia Bara Hindi kutoka Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Walishambulia miji ya Imphal na Kohima. Jeshi la Bose lilikwenda pamoja nao, na wito wao ulikuwa mmoja: twendeni Delhi. Shah Nawaz aliongoza brigedi ya kwanza, ambayo askari waliiita kwa jina la Subhas.

Lakini mambo hayakwenda kama walivyotumaini. Wajapani waliwapa sehemu kubwa ya askari hao kazi ya kulinda njia, kutengeneza barabara na kubeba mizigo milimani. Chakula kilipungua. Masika ya huko yakaanza, njia zikawa matope. Malaria na ugonjwa wa kuhara viliwaua watu wengi. Kufikia Julai 1944 Wajapani walikuwa wameshindwa, wakaanza kurudi nyuma, na jeshi la Bose likarudi nao.

Je, mnajua ni nani waliowafuata Wajapani hao katika matope yale? Katika jeshi la Waingereza ilikuwamo Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Askari wake walitoka Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Tangu Agosti 1944 waliteremka katika bonde la Kabaw, bonde lenye malaria nyingi, na mwezi wa Desemba wakafika Kalewa kwenye mto Chindwin. Labda katika kijiji chako alikuwako mzee aliyeitwa Burma. Sasa unajua jina hilo lilitoka wapi.

Basi tazameni ajabu ya vita. Mhindi aliyemwapia Mfalme na Mhindi aliyekivunja kiapo hicho walikuwa katika milima ile ile. Na Mwafrika, ambaye nchi yake nayo haikuwa huru, alikuwa pale pale akimpigania Mfalme yule yule. Katika Keya maofisa walikuwa Wazungu. Askari na masajini walikuwa Waafrika. Wengine walirudi nyumbani na mawazo mapya. Mmoja wao ni Waruhiu Itote wa Kenya, aliyekuwa koplo huko Burma. Baadaye aliongoza wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya kwa jina la Jenerali China.

Shah Nawaz aliendelea kupigana mpaka mwezi wa Mei 1945, alipokamatwa na Waingereza huko Burma. Mwezi wa Agosti Japani ilisalimu amri. Siku hizo hizo Bose alikufa katika ajali ya ndege huko Taiwan.

KESI YA NGOME NYEKUNDU

Waingereza waliwagawa mateka wa jeshi la Bose kwa rangi tatu. Weupe ni wale walioonekana bado ni waaminifu. Wa kijivu ni wale waliodhaniwa kuwa wamepotoshwa. Weusi ni wale waliopigana kwa moyo wao wote. Shah Nawaz aliwekwa katika weusi.

Tarehe 5 Novemba 1945 kesi ya kwanza ilianza Delhi, ndani ya Ngome Nyekundu, jumba la kale la wafalme wa Bara Hindi. Washtakiwa walikuwa watatu: Shah Nawaz Khan, Prem Kumar Sahgal na Gurbaksh Singh Dhillon. Mmoja Mwislamu, mmoja Mhindu, mmoja Singasinga. Walishtakiwa kwa kumpiga vita Mfalme. Hilo ndilo kosa la UHAINI, yaani kuigeukia serikali ambayo mtu ana wajibu wa kuitii. Tena walishtakiwa kwa habari ya askari wa jeshi lao waliouawa kwa amri, kwa sababu ya kutoroka.

Waingereza walidhani watu watawachukia maofisa hao. Ikawa kinyume. Watu waliona dini tatu zimesimama pamoja kizimbani, wakasema: hawa ni watoto wetu. Maandamano yalijaa mitaani. Huko Calcutta polisi walipiga risasi, na watu wakafa. Jawaharlal Nehru alivaa tena gauni la uwakili, ambalo hakulivaa kwa miaka mingi, akaketi pamoja na mawakili wa utetezi.

Wakili mkuu wa utetezi alikuwa Bhulabhai Desai. Hoja zake zilikuwa mbili. Kwanza, alisema taifa linalotawaliwa lina haki ya kupigania uhuru wake. Wanaopigana chini ya serikali yao, wakiwa na jeshi lenye sheria na amri, ni askari, si wahalifu. Pili, alikumbusha uwanja wa Farrer Park. Ofisa wa Mfalme mwenyewe ndiye aliyewakabidhi watu hawa kwa Wajapani. Je, aliyemtoa mtu mikononi mwake anaweza tena kumdai utii?

Mwendesha mashtaka alijibu kwa hoja moja nzito: kiapo ni kiapo. Askari akiruhusiwa kuchagua siku ya kutii na siku ya kutotii, hakuna jeshi tena.

Mahakama ya kijeshi iliwaona wote watatu wana hatia ya kumpiga vita Mfalme. Shah Nawaz alipatikana pia na hatia ya kusaidia mauaji ya askari mmoja aliyeuawa kwa kutoroka. Hukumu ilikuwa kupelekwa uhamishoni maisha, kufukuzwa jeshini, na kunyang'anywa mshahara wao. Lakini mwanzoni mwa Januari 1946 Jemadari Auchinleck, mkuu wa jeshi lote, aliwaondolea adhabu ya uhamisho. Walifukuzwa jeshini, wakaenda zao huru.

Kwa nini alitoa msamaha? Si kwa sababu aliwaona hawana kosa. Aliona kwamba nchi nzima, na hata wengi ndani ya jeshi lake, hawakutaka waadhibiwe. Naye hakukosea. Mwezi uliofuata, Februari 1946, wanamaji wa Kihindi waliasi huko Bombay, na uasi ukaenea mpaka watu kiasi cha 20,000 wakaingia. Hapo Waingereza walijua kwamba hawawezi tena kuitawala nchi hiyo kwa mikono ya wenyeji wake. Tarehe 15 Agosti 1947 India ikawa huru.

BAADA YA UHURU

Uhuru ulikuja na msiba. Bara Hindi liligawanywa likawa nchi mbili, India na Pakistan. Mamilioni walihama makwao, na watu wengi sana waliuawa. Kijiji cha Matore kikawa Pakistan. Shah Nawaz, ingawa ni Mwislamu, aliamua kuishi India. Mtu aliyehatarisha roho yake kwa ajili ya nchi moja alijikuta kijiji alichozaliwa kiko nchi nyingine.

Mwaka 1952 alichaguliwa mbunge wa Meerut, na baadaye alitumika katika Serikali. Alifariki mwaka 1983.

Na askari wake je? Serikali ya India huru haikuwarudisha jeshini. Viongozi waliowatetea kortini waliogopa kuliingiza jambo la kuvunja kiapo katika jeshi lao wenyewe. Watu waliimbiwa kama mashujaa, lakini kazi yao ya uaskari haikurudi. Huo ni uchungu mmoja ambao historia haikuwafichia.

TUFIKIRI PAMOJA

Wanafunzi wapenzi, sikukuletea hadithi hii ili nikuambie kwamba kuvunja kiapo ni jambo jepesi. Shah Nawaz hakuliona jepesi. Alilikataa kwanza, akalifikiri muda mrefu, akalikubali akijua adhabu yake inaweza kuwa kifo. Kortini hakukana alilofanya. Alisema nililifanya, na akaeleza sababu.

Wala sikuambii kwamba kila alilolifanya lilikuwa jema. Alipigana upande mmoja na Wajapani, waliowatesa watu wa Malaya na Burma. Askari aliyekufa kwa kutoroka naye alikuwa mtoto wa mtu. Kusoma historia ni kuyaona yote mawili, na kuyapima kwa akili yako.

Linalobaki ni hili. Kiapo kina pande mbili kama mlango. Anayeapa ana wajibu, na anayeapiwa ana wajibu. Serikali inayowaapisha watu, kisha inawanyima haki katika nchi yao wenyewe, inakilegeza kiapo hicho kwa mkono wake yenyewe.

MANENO YA KUJIFUNZA

Kiapo: ahadi kubwa itolewayo mbele ya Mungu au mbele ya watu.
Mateka: mtu aliyekamatwa vitani.
Kusalimu amri: kukubali kwamba umeshindwa vitani.
Uhaini: kosa la kuigeukia serikali ambayo una wajibu wa kuitii.
Kizimbani: mahali asimamapo mshtakiwa kortini.
Msamaha: kuachiliwa adhabu.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Mateka wa Kihindi waliambiwa nini katika uwanja wa Farrer Park?
2. Taja hoja mbili za wakili Desai. Ipi ina nguvu zaidi kwako, na kwa nini?
3. Waliokataa kujiunga na jeshi la Bose walikishika kiapo chao. Waliojiunga waliipigania nchi yao. Je, inawezekana wote wawili kuwa watu wa heshima?
4. Serikali ya India huru haikuwarudisha askari hao jeshini. Ungekuwa waziri, ungefanya nini?
5. Kama kijijini kwenu yuko mtu ambaye baba au babu yake alikwenda Burma, mwombeni awasimulie aliyoyasikia. Kisha andika sentensi tano juu ya habari hizo katika daftari lako.

Msione haya kubishana juu ya swali la tatu. Bisheni kwa adabu, kila mtu ampe mwenzake nafasi ya kusema. Kwaherini, na msome salama.